Chuck Feeney aligawa dola bilioni 8 akiwa hai, sehemu kubwa ikaenda vyuoni. Kwa nini hakuacha mfuko wa kudumu?

#1 Mtulivu_Ilala
Wakuu, salaam. Naomba tumjadili Chuck Feeney, yule Mmarekani aliyeanzisha Duty Free Shoppers (DFS), maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru, Hong Kong mwaka 1960 pamoja na Robert Miller. Kupitia taasisi yake, Atlantic Philanthropies, aligawa kama dola bilioni 8. Jarida la Forbes walipoandika habari zake 2020 walitaja bilioni 3.7 kwa upande wa elimu, na karibu bilioni 1 ya hizo ilikwenda Cornell, chuo alichohitimu 1956. Septemba 2020 akasaini karatasi za kuifunga taasisi, kapu likiwa tupu.

Hoja yangu: alikosea. Bilioni 8 ukiziweka kwenye mfuko wa kudumu ukatoa 4.5% kwa mwaka, zinatoka milioni 360 kila mwaka na mtaji upo palepale. Vyuo vingekula matunda yake mpaka kwa vitukuu vyetu. Nani ananipinga?

#2 Mkaguzi_Mstaafu
Nakupinga mimi. Hesabu yako ina tobo.

Zile bilioni 8 hazijawahi kukaa mahali pamoja hata siku moja. Ni jumla ya misaada yote tangu taasisi ilipoanzishwa Bermuda 1982. Mtaji wenyewe ulikuwa hisa zake za DFS, 38.75%, alizozihamishia kwenye taasisi mwaka 1984. LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, waliponunua 1997, hisa hizo zilileta dola bilioni 1.63. Zilizobaki zilitokana na gawio la miaka ya nyuma na faida ya uwekezaji. Ukitaka kumpima kwa mfuko wa kudumu, anza na bilioni 1.63: 4.5% yake ni milioni 73 hivi kwa mwaka. Ni pesa nzuri, ila siyo 360.

#3 Kinara254
Jibu liko kwa Carnegie. Feeney alisoma makala ya Andrew Carnegie ya 1889 kuhusu wajibu wa tajiri, ile inayosema mtu kufa na utajiri wake ni aibu, na aliwapa wengine waisome. Alitaka kuona pesa zikifanya kazi kwa macho yake. Alifariki 2020 taasisi ilipofungwa, hana hata senti.

#4 Dada_Neema
Kinara, tenganisha mambo mawili. Kilichofungwa 2020 ni taasisi. Yeye alifariki San Francisco tarehe 9 Oktoba 2023, akiwa na miaka 92. Na si kweli kwamba hakubakiwa na senti: alijiachia kama dola milioni 2 yeye na mkewe, wakaishi nyumba ya kupanga.

Halafu hoja ya Carnegie ina upande wa pili. Carnegie mwenyewe 1911 alianzisha Carnegie Corporation, na hiyo ni ya kudumu, mtaji wake unafanya kazi mpaka leo. Mwaka 2000 taasisi za Carnegie, Ford, Rockefeller na MacArthur ziliungana kusaidia vyuo vikuu vya Afrika. Mpango uliendelea mpaka 2010, wengine wakajiunga njiani, jumla ikafika dola milioni 440 kwa nchi 9, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Mlimani na Makerere walinufaika, na sehemu ya kazi ilikuwa vyuo kununua masafa ya intaneti ya setilaiti kwa pamoja ili bei ishuke. Carnegie alikuwa amekufa tangu 1919. Angemaliza pesa zake akiwa hai kama Feeney, mwaka 2000 angetoa nini?

#5 Mtulivu_Ilala
Dada Neema, ubarikiwe. Hiyo ndiyo hoja yangu.

#6 Mkaguzi_Mstaafu
Ngojeni kidogo. Kabla ya kuingia falsafa tuangalie sheria, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Sheria ya kodi ya Marekani ya 1969 inaibana taasisi binafsi ya hisani kwa mambo mawili yanayotuhusu hapa. Kwanza, taasisi pamoja na mwanzilishi wake hawaruhusiwi kushika zaidi ya 20% ya kampuni moja ya biashara, isipokuwa kwa vighairi vichache. Pili, lazima itoe walau 5% ya mali yake kila mwaka, na ripoti yake ya kodi iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Feeney alikuwa na 38.75% ya DFS. Angeifungua taasisi New York, angelazimika kuuza hisa mapema na kila mtu angejua. Mwanasheria wake, Harvey Dale, ndiye aliyeisuka ile mipango ya Bermuda, ambako vizuizi hivyo havikuwepo. Gharama yake ni kwamba Feeney hakupata nafuu ya kodi Marekani kwa zawadi ile.

Kwa hiyo usiri ulikuja sambamba na muundo wa kisheria. 1988 Forbes walimweka kwenye orodha ya matajiri wa Marekani, kumbe hisa zilikuwa zimeshatoka mikononi mwake miaka minne nyuma. Hata mshirika wake Miller hakuwa anajua.

#7 Kinara254
Basi usiri uliisha vipi?

#8 Mkaguzi_Mstaafu
Mauzo ya 1997. Wabia hawakuelewana juu ya kuuza, ikaonekana kesi itafika mahakamani na nyaraka zitaanikwa. Feeney akaona bora aseme mwenyewe, habari ikatoka New York Times Januari 1997. Miller yeye alibaki na hisa zake.

#9 Bin_Seif
Asalaam aleikum. Mnaongea kama kwamba mfuko wa kudumu ni kitu kigeni kwetu. Huku pwani wakfu upo tangu enzi: nyumba inawekwa wakfu, asili haiuzwi, kodi ya pango inahudumia msikiti au chuo. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia.

Sasa mjue wakfu unakufaje. Haufi kwa wizi peke yake. Unakufa pale pango linapowekwa kwa kiwango cha zamani na halipandishwi, mpangaji anarithisha mtoto wake, kodi haitoshi hata kupaka chokaa, paa linavuja, boriti zinaoza, ukuta unaanguka. Kwenye karatasi asili bado ipo, ila mapato yameisha. Mtulivu anaposema mtaji upo palepale, namuuliza: upo palepale kwa tarakimu au kwa thamani?

#10 Mzee_wa_Hatifungani
Swali la Bin Seif lina hesabu yake, na niiweke kwa shilingi ili kila mtu aione.

Mfuko wa milioni 500, wote kwenye hatifungani (mkopo unaoikopesha serikali kwa riba) ya miaka 25. Zilipoanza kutolewa 2021 riba ilikuwa 15.95%, mwaka 2022 Benki Kuu (BoT) wakashusha mpaka 12.56%. Tumia hiyo ya pili: milioni 62.8 kwa mwaka, zinazoingia kila miezi sita. Kamati changa inazichukua zote inalipia ada. Kwa mfumuko wa bei wa 4%, baada ya miaka 18 ile milioni 500 itanunua nusu ya inachonunua leo. Kamati makini inarudisha milioni 20 kwenye mtaji kila mwaka kufidia mfumuko, inatenga milioni 5 za ukaguzi na uendeshaji, inatumia 37.

Na hapo kuna kosa jingine. Tuseme mwanafunzi mmoja anagharimu milioni 4 kwa mwaka, ada na kujikimu. 37 gawa kwa 4 ni wanafunzi 9. Kamati inafurahi, inachukua 9 mwaka wa kwanza na 9 wengine mwaka wa pili. Kozi ni miaka minne! Mwaka wa nne wako 36, unahitaji milioni 144. Ukweli ni kwamba mfuko ule unabeba wanafunzi 9 kwa wakati mmoja, yaani wapya wawili kwa mwaka, mara mojamoja watatu. Mifuko mingi midogo inakufa mwaka wa tatu kwa sababu hii tu, na watu wanabaki kumtafuta mwizi ambaye hayupo.

#11 Dada_Neema
Hii #10 ichapishwe ibandikwe kwenye ofisi ya kila mshauri wa wanafunzi. Nyongeza: wakati wa kuchagua, tazameni kwanza Bodi ya Mikopo imempa mwanafunzi nini. Mkopo una vipengele vyake: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Ufadhili ukijaza pengo tu badala ya kulipa kila kitu, milioni 37 zinaweza kufikia watu mara mbili ya hao.

#12 Mtulivu_Ilala
Nimewasoma. Lakini hesabu hizo zinasema mfuko wa kudumu unataka akili. Hazisemi kumaliza pesa ni bora.

#13 Mzee_wa_Hatifungani
Basi tulinganishe. Dola milioni 100, faida 7% kwa mwaka. Njia ya kudumu kwa 4.5%: unaanza na milioni 4.5, unaongeza kidogo kila mwaka. Njia ya kumaliza ndani ya miaka 10: unatoa milioni 14.2 kila mwaka, mwisho ni sifuri. Tofauti ni zaidi ya mara tatu mwanzoni, na hata mwisho wa muongo bado ni zaidi ya mara mbili. Kama unajenga maabara na kuajiri watafiti, milioni 14 inaweza kuanzisha kitu ambacho milioni 4.5 haikianzishi kamwe. Kama unalipia ada, kudumu kunashinda, maana watoto wanazaliwa kila mwaka.

#14 Msomaji_Ubungo
Hapo umegusa Ireland, na nadhani huko ndiko Feeney anakoeleweka vizuri.

Alianzia Limerick miaka ya 1980, taasisi ikiwa bado haijawa chuo kikuu (hadhi hiyo ilipata 1989), kwa kumwamini mkuu wake, Ed Walsh. Utaratibu ulikuwa huu: chuo hakikuandikia taasisi moja kwa moja. Kulikuwa na kampuni ya ushauri Dublin, Tara Consultants, iliyopokea maandiko na kuyachuja. Mkuu wa chuo aliambiwa kuna mfadhili, asiulize ni nani, na siri ikivuja pesa zinakoma.

Kazi kubwa ikaja 1998. Atlantic waliiambia serikali ya Ireland: tunaweka pauni za Ireland milioni 75 kwa utafiti wa vyuo vikuu, nanyi wekeni kiasi hichohicho. Serikali ikakubali, ukazaliwa mpango wa PRTLI. Profesa mmoja mmoja hakuruhusiwa kuomba. Chuo kizima kililazimika kuandika mkakati wake wa utafiti, jopo la wataalamu kutoka nje ya nchi likapima. Vyuo vilivyozoea kugawana fedha kwa ukubwa wa idara vikalazimika kuchagua vinataka kuwa hodari kwa lipi.

Halafu sikilizeni kilichoharibika. Novemba 2002 uchumi ukabana, serikali ikasimamisha mpango. Mfadhili ametoa yake, mbia amesimama. Atlantic walisema wazi kwamba uaminifu umevunjika, na baadaye fedha zikarejeshwa. Ndiyo maana mkataba wa fedha ya kulinganisha lazima useme nini kinatokea upande mmoja ukichelewa.

Maelezo yangu ya kwa nini alimaliza: tarehe ya mwisho ni silaha. Mwaka 2002 bodi iliamua misaada ikome 2016 na milango ifungwe 2020. Serikali ikijua mfadhili yupo milele, itasema tutaonana mwakani.

#15 Mkaguzi_Mstaafu
Sikubaliani nawe, Msomaji. Mpango wa Ireland ulianza 1998, uamuzi wa kufunga ni 2002. Silaha haiwezi kutumika kabla haijanunuliwa. Mimi naona aliogopa taasisi kuzeeka: mwanzilishi akishafariki, bodi inajaza nafasi kwa marafiki, mishahara inapanda, dhamira inahama.

#16 Kinara254
Au ni kusoma hoteli tu. Alihitimu shule ya hoteli ya Cornell kwa ufadhili wa waliotumikia jeshi, na alikuwa akiwauzia wenzake sandwichi pale chuoni. Mtu wa namna hiyo anataka kuona chumba kimejaa leo.

#17 Dada_Neema
Kinara na sandwichi tena 😄 Lakini ameleta jambo. 1982, mwaka uleule wa kuanzisha taasisi, alitoa dola milioni 7 Cornell kwa programu ya Cornell Tradition: mwanafunzi anayefanya kazi na kujitolea anapunguziwa mkopo. Msaada wa mwisho kabisa, 2016, ulikuwa milioni 7 kwa Cornell tena, kwa ajili ya wanafunzi kuhudumia jamii.

#18 Fundi_Majengo
Naona mnasahau majengo. Atlantic waligharamia majengo kama elfu moja katika mabara matano, na hakuna lililoandikwa jina la Feeney. Vietnam walijenga vituo vya maktaba vinne, Hue, Da Nang, Can Tho na Thai Nguyen, wakasaidia pia kampasi ya RMIT, chuo kikuu cha Australia. Afrika Kusini kuna jengo la sayansi ya uhai pale Chuo Kikuu cha Western Cape.

Jengo linakula. Kadirio la wahandisi ni 2 hadi 4% ya gharama ya kulijenga upya, kila mwaka, kwa matengenezo tu. Jengo la dola milioni 20 linataka laki 4 hadi laki 8 kila mwaka, mbali na umeme na walinzi. Ukifuata mkondo wa uharibifu, huwa unaanzia juu: kizuia maji cha paa kinachoka, maji yanapita kwenye kiungio cha bomba la mvua, dari la jasi linavimba, nyaya zinashika unyevu, mwishoni maabara inafungwa kwa sababu ya usalama. Ukarabati wa paa ungekuwa kidogo mno ukilinganisha na kuibadilisha mifumo yote. Maabara ni mbaya zaidi: mashine za kunyonya hewa chafu lazima zipimwe kila mwaka, na kipuri kinaagizwa nje.

Kwa hiyo anayejenga akaondoka bila kuacha hela ya matengenezo amekipa chuo deni. Hapo Mtulivu yuko sahihi nusu: jengo litolewe mara moja, ila likiwa na mfuko wake mdogo wa kudumu pembeni.

#19 Kinara254
Suala la jina: Manu Chandaria hapa Nairobi anafanya kinyume. Jina lipo Kenyatta University kwenye kituo cha ubunifu wa biashara, lipo pia University of Nairobi. Na James Mwangi wa benki ya Equity na ufadhili wao wa Wings to Fly inasomesha maelfu chuo kikuu.

#20 Msomaji_Ubungo
Nilijua Kenya itafika tu 😄 Ila Wings to Fly, iliyoanza 2010 pamoja na Mastercard Foundation, ni ya sekondari. Upande wa vyuo vikuu ni Equity Leaders Program, ambayo ni ya zamani zaidi, 1998: inachukua waliofanya vizuri sana kidato cha nne, inawapa mafunzo ya kazi benki na kuwasaidia kuomba vyuo, hata vya nje.

#21 Bin_Seif
Kuhusu jina, Feeney alikuwa na sababu ya kibiashara pia: ukuta usio na jina unaweza kumpata mfadhili mwingine atakayelipa ili jina lake liandikwe, na chuo kikapata mara mbili. Wengine wanasema alihofia usalama wa watoto wake. Wengine, alikwepa foleni ya waombaji. Kila moja ina mashiko. Cornell walikuja kuuita mtaa Feeney Way 2021, wakati huo kila kitu kilishajulikana.

#22 Mtulivu_Ilala
Na bilionea Michael Bloomberg je? Alitoa dola bilioni 1.8 kwa chuo chake cha Johns Hopkins 2018 kwa ajili ya misaada ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, ziingie kwenye mfuko. Huyo hakumaliza kwa kujenga.

#23 Mzee_wa_Hatifungani
Na inakubaliana na #13: ada ni gharama ya kila mwaka, ikapewa pesa ya kila mwaka. Linganisha na bilionea Robert F. Smith, aliyelipa madeni ya wahitimu wa chuo cha Morehouse, Marekani, 2019, dola milioni 34, karibu watu 400. Darasa lile likapona. Darasa la 2020 lilikuta milango ileile ya mikopo. Siyo kosa, ni aina tofauti ya zawadi.

Cornell Tech ndiyo mfano wa upande wa pili. Desemba 2011 jiji la New York lilikuwa linashindanisha vyuo kujenga kampasi ya teknolojia Roosevelt Island. Stanford wakajitoa, siku hiyohiyo Cornell wakatangaza dola milioni 350 kutoka kwa mfadhili asiyetajwa, na siku chache baadaye wakashinda. Alikuwa Feeney. Milioni 350 kwenye mfuko wa kudumu zingetoa chini ya milioni 16 kwa mwaka. Shindano lile lisingesubiri.

#24 Dada_Neema
Nimeulizwa faragha na mtu ambaye chama chao cha wahitimu kimepata mfanyabiashara wa kuwasaidia. Mkaguzi, mkataba uwe na nini?

#25 Mkaguzi_Mstaafu
Kwa kifupi. Kusudi, kwa sentensi moja isiyobishaniwa. Kiasi na tarehe za kila awamu, pamoja na sarafu. Ahadi ya dola na bajeti ya shilingi zitagombana, andikeni nani anabeba tofauti. Akaunti ya peke yake yenye watia saini watatu, mmoja akiwa nje ya chuo, kwa sababu pesa ikichanganywa na akaunti kuu italipa umeme mwezi wa kwanza utakaokuwa mgumu. Kanuni ya matumizi: asilimia fulani ya wastani wa thamani ya miaka mitatu, ili mwaka mmoja mbaya usiwatoe wanafunzi madarasani. Nani anachagua wanafunzi. Mfadhili asiwe na kura, wala ndugu zake wasiombe. Ukaguzi wa nje kila mwaka na taarifa ndani ya miezi sita.

La mwisho, ambalo watu huona aibu kuliandika: kozi ikifutwa, chuo kikiunganishwa, au mfadhili akifilisika baada ya awamu ya pili, nini kinafuata? Wanafunzi walioko ndani wamalize kwanza. Akiba ya kuwamalizia ikae tangu siku ya kwanza, kabla hamjamchukua wa pili.

#26 Mtulivu_Ilala
Nashukuru, Mzee Mkaguzi. Hilo la kuwamalizia nalichukua. Ila bado sijajibiwa swali la Dada Neema kwenye #4. Msaada wa mwaka 2000 kwa vyuo vyetu ulitoka kwenye pesa ya mtu aliyefariki 1919. Feeney angesema wapo matajiri wapya kila kizazi, kila kizazi kitoe chake. Kwa Marekani sawa, wanazaliwa kila mwaka. Kwa nchi ambayo matajiri wa kiwango hicho wanahesabika kwa vidole, hiyo hesabu inasimama?

#27 Bin_Seif
Inasimama au haisimami kulingana na nani atapandisha pango.